Mlango Uliohamishwa: Nani Analipia Heshima ya Taaluma?

Usiku wa tarehe 2 Januari 2023, katika uwanja mmoja mjini Cincinnati, mchezaji Damar Hamlin wa timu ya Buffalo Bills alianguka baada ya kugongwa kifuani, na moyo wake ukasimama mbele ya mamilioni ya watu waliokuwa wakitazama runinga. Aliyemkandamiza kifua pale uwanjani hakuwa daktari bingwa aliyeletwa kutoka hospitalini. Alikuwa Denny Kellington, mmoja wa watabibu wa wanamichezo wa timu hiyo. Hamlin alipona, akarudi kucheza, na kwa wiki kadhaa Marekani yote ikaimba sifa za kazi ambayo siku za kawaida hakuna anayeikumbuka.

Nimeanza na kisa hicho ili niulize swali ambalo katika wiki zile za sifa halikuulizwa: mtu anaingiaje katika kazi hii, na ni nani anayezuiwa mlangoni? Jibu lake ni habari ya Marekani, na sehemu kubwa ya makala hii itabaki hukohuko. Lakini wamo vijana wanaozungumza lugha hii yetu waliosimama nje ya mlango huo, na yamo mafunzo ambayo watunga sera wetu, hodari wa kunakili, wangepaswa kuyasoma kabla hawajanakili.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Mtabibu wa wanamichezo si kocha wa mazoezi, wala si yule kijana wa gym anayekuhesabia pumzi. Ni mtaalamu wa afya aliyesomea kuzuia majeraha, kuyatathmini palepale uwanjani, kutoa huduma ya dharura, na kumrudisha aliyeumia katika hali ya kucheza au kufanya kazi. Utamkuta katika shule za sekondari, vyuoni, katika timu za kulipwa, jeshini na hata viwandani. Chama chao cha kitaifa, NATA, kiliundwa mwaka 1950, na mwaka 1990 Chama cha Madaktari cha Marekani kikaitambua kazi hiyo kuwa taaluma ya afya. Ili kuifanya, mtu hana budi kufaulu mtihani wa kitaifa. Na ili aruhusiwe kuukalia mtihani huo, hana budi kuhitimu katika programu iliyoidhinishwa. Hapo ndipo mlango ulipo.

Kijana wa Nyarugusu

Mwaka wa masomo wa 2023/24 nilikuwa mhadhiri mgeni katika mji mmoja wa Magharibi ya Kati ya Marekani. Siku moja, katika duka la vyakula vya Kiafrika, kijana aliyenisikia nikizungumza kwa simu alinisogelea akasema, "Shikamoo, mzee. Wewe ni wa Tanzania?" Alikuwa amezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa wazazi waliokimbia vita ya Kongo. Alifika Marekani akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alipojua kwamba mimi ni mhadhiri, aliacha kuniita mzee akaanza kuniita mwalimu, na tangu siku hiyo hakuacha kuniletea makaratasi yake.

Alikuwa ameumia goti akiichezea shule yake ya sekondari mpira wa miguu. Mama mmoja, mtabibu wa shule, alimhudumia kwa miezi mitano bila kumtoza senti. Kijana akaamua kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Wazazi wake hawakuwa na fedha ya chuo kikuu. Baba alikuwa kiwanda cha nyama, mama akisafisha hoteli. Akafanya kile ambacho kila mshauri wa shule humwambia mtoto wa maskini akifanye: akajiunga na chuo cha jamii kilichokuwa umbali wa safari moja ya basi kutoka nyumbani. Usiku alipanga mizigo ghalani, mchana akasoma. Alimaliza miaka miwili akiwa na krediti 60, alama nzuri, na tuzo ya sayansi ya mazoezi inayokaribiana na stashahada yetu.

Alipohamia chuo kikuu cha umma, mambo matatu yalimpata kwa mpigo. Katika krediti zake 60, ni 38 tu zilizohesabiwa kuelekea shahada. Nyingine zilipokelewa kwa tabasamu na kuandikwa kuwa "za hiari", yaani zipo lakini hazihesabiki popote. Somo lake la kemia halikukubaliwa kwa kuwa lilikuwa la wasiochukua sayansi, ingawa ndilo alilopangiwa na mshauri wake. Jambo la tatu ndilo lililomvunja. Aliambiwa kwamba shahada ya kwanza ya kazi anayoitaka haipo tena. Atakachosomea hapo ni sayansi ya mazoezi, na akihitimu hataruhusiwa kuukalia mtihani. Akitaka kazi ile, aombe uzamili baadaye, mahali pengine, kwa fedha nyingine.

"Mwalimu," aliniuliza, "mbona ile karatasi ya chuoni ilisema miaka minne?"

Niliisoma karatasi hiyo. Ilikuwa imeandikwa kabla mlango haujahamishwa, na hakuna aliyejisumbua kuiondoa mezani.

Mlango ulivyohamishwa

Taaluma hii haikuzaliwa ndani ya vyumba vya mihadhara. Kwa miongo mingi ilikuwapo njia ya kujifunzia kazini: mwanafunzi wa fani nyingine alikaa chini ya mtabibu mzoefu kwa mamia ya saa, kisha akakalia mtihani. Njia hiyo ilifungwa mwaka 2004, na kuanzia hapo kila mtahiniwa akalazimika kutoka katika programu iliyoidhinishwa. Desemba 2013 viongozi wa taaluma walitoa waraka uliochambua kiwango cha shahada kinachofaa. Mei 2015 wakatangaza uamuzi: shahada ya kuingilia kazini itakuwa uzamili. Baada ya muhula wa vuli wa 2022, hakuna programu iliyoruhusiwa kupokea wanafunzi wapya wa ngazi ya shahada ya kwanza. Baadhi ya vyuo viligeuza programu zao kuwa za uzamili, vingine vikazifunga.

Ukiitazama kutoka juu, hii ni historia ya maendeleo. Lakini mtu wa chini huitazama kwa hesabu ya miaka. Zamani, aliyeanzia chuo cha jamii aliweza kusoma miaka miwili pale, kisha miwili au mitatu chuo kikuu, akakalia mtihani na kuanza kula jasho lake. Leo anahitaji miwili, kisha miwili au mitatu, kisha miwili ya uzamili. Njia imerefushwa kwa miaka miwili, na kama nitakavyoonyesha, miaka hiyo miwili imewekwa mahali penye maumivu kuliko pote.

Mgala muue na haki yake umpe

Nisiwasingizie watu. Walioufanya uamuzi ule hawakukaa chumbani kupanga njama dhidi ya maskini, na hoja zao zina uzito. Walisema maarifa ya kitabibu yamepanuka mno kuweza kubanwa ndani ya shahada ya kwanza pamoja na masomo ya jumla. Walisema fani za jirani, kama fiziotherapia, zimekwisha kupanda juu zaidi, na mtabibu wa wanamichezo hawezi kuketi meza moja na wenzake akiwa na cheti cha chini. Walisema pia kwamba zaidi ya asilimia 70 ya watabibu waliosajiliwa tayari wana uzamili, hivyo uamuzi uliifuata tu hali iliyokuwapo.

Hoja ya ubora siwezi kuidharau, maana katika kazi hii kosa linaua. Mwaka 2018 Jordan McNair, kijana wa Chuo Kikuu cha Maryland, alipatwa na kiharusi cha joto mazoezini, akafariki wiki mbili baadaye. Uchunguzi ulibaini kwamba joto la mwili wake halikupimwa wala hakuzamishwa katika maji baridi. Nani atasimama mbele ya mzazi wa namna hiyo aseme kwamba ubora wa mafunzo ni anasa?

Lakini tazameni vizuri kisa hicho. Kupima joto na kumpoza mgonjwa kwa maji baridi kabla ya kumsafirisha si siri ya darasa la uzamili. Ni jambo la msingi katika mafunzo ya kazi hii, lililokwisha kujulikana kabla ya 2018, na linaweza kufundishwa, kufanyiwa mazoezi na kutahiniwa katika ngazi yoyote. Kama mtihani wa kitaifa haupimi vya kutosha, uongezewe ukali. Mtihani humuuliza kila mtu swali lilelile, awe amefika kwa gari la baba yake au kwa basi la chuo cha jamii. Sharti la miaka ya ziada huuliza kwanza una fedha kiasi gani, na swali la maarifa huja baadaye.

Kuhusu ile asilimia 70, hapo ndipo ninapolazimika kusema kwa sauti. Ni kweli wengi walikuwa na uzamili. Je, waliupataje? Wengi wao walihitimu shahada ya kwanza, wakafaulu mtihani, wakapata leseni, kisha wakaajiriwa kama wasaidizi katika timu za chuo kikuu. Chuo kiliwalipia ada na kuwapa posho, nao walihudumia wachezaji huku wakisoma. Uzamili ulikuwa ujira wa kazi. Sasa umegeuzwa kuwa kiingilio: mwanafunzi hulipa kwanza kile ambacho kaka zake walilipiwa, na hulipa kabla hajaruhusiwa kushika hata bandeji kwa mshahara. Kutumia takwimu za waliolipiwa kuhalalisha kuwatoza wasionacho si hoja ya kitaaluma. Ni kuwatumia wa zamani kama ushahidi dhidi ya wa sasa.

Hesabu ya maskini

Tuifanye hesabu hiyo kama karani anavyoifanya.

Msaada mkubwa wa serikali ya shirikisho kwa mwanafunzi maskini wa Marekani ni ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo wa 2024/25 kilikuwa dola 7,395. Katika vyuo vingi vya jamii kiasi hicho hulipa ada yote na kubakiza nauli na vitabu. Lakini ruzuku hiyo ina mipaka miwili. Ina ukomo wa maisha unaolingana na mihula 12 ya masomo ya muda wote, na hukoma mara tu mtu anapopata shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa uzamili hapewi.

Sasa uweke uamuzi wa 2015 kando ya sheria hiyo. Elimu ya kazi hii imechukuliwa kutoka upande wa mto wenye ruzuku, ikahamishiwa upande usio nayo. Mtoto wa mwenye nacho hatatambua tofauti, maana hakuwa akipewa Pell. Anayetambua ni yule aliyevushwa na ruzuku hiyo hadi katikati ya mto, akaambiwa shuka, kuanzia hapa utaogelea.

Ataogelea kwa mkopo. Mwanafunzi maskini wa shahada ya kwanza huweza kupata mkopo ambao serikali hubeba riba yake wakati angali masomoni. Wanafunzi wa uzamili walinyimwa nafuu hiyo tangu mwaka 2012, kwa hiyo kwao riba huanza kuhesabika mapema, mtu angali darasani. Isitoshe, sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeufuta, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, ule mkopo wa serikali uliomruhusu mwanafunzi wa uzamili kukopa hadi gharama yote ya masomo. Atakayepungukiwa ataelekezwa benki binafsi, na benki itamuuliza mdhamini. Baba wa kiwanda cha nyama atadhaminiwa na nani ili naye adhamini?

Mtu anaweza kusema: deni si tatizo iwapo kazi inalipa. Mwaka 2023 mshahara wa kati wa mtabibu wa wanamichezo ulikuwa takriban dola 58,000 kwa mwaka. Si ufukara, lakini ni mshahara ambao Mmarekani mwenye shahada ya kwanza huweza kuupata bila kugusa uzamili. Taaluma imedai shahada ya juu kwa kuamini kwamba heshima italeta mshahara. Heshima imeanza kudaiwa mapema, mshahara unaambiwa utakuja. Katikati ya hayo mawili amesimama mwanafunzi ameshika hati ya deni.

Yuko atakayenikumbusha kwamba vyuo vingi vimebuni mpango wa miaka mitatu na miwili, ambao mwanafunzi husoma shahada ya kwanza na uzamili kwa miaka mitano. Ni kweli, na kwa aliyeingia chuo kikuu akitoka sekondari ni mpango mzuri. Kwa anayehamia kutoka chuo cha jamii ni treni isiyosimama kituoni kwake. Mpango ule hutaka masomo yafuatane kwa utaratibu maalumu tangu muhula wa kwanza, na kozi kama fiziolojia ya mazoezi na biomekanika kwa kawaida hufundishwa chuo kikuu peke yake. Anayefika mwaka wa tatu akiwa hana hata moja kati ya hizo hawezi kuzimaliza zote kwa mwaka mmoja uliobaki. Njia ya mkato ipo, ila imechongwa kwa miguu ya wengine.

Chuo cha jamii si jalala

Nyuma ya haya yote kuna dharau, nami nataka niitaje kwa jina lake.

Chuo cha jamii ni moja ya mambo mema ambayo Wamarekani wameyafanya katika elimu. Kile cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901, nacho ndicho kikongwe kuliko vyote vya umma. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo vya namna hiyo visambazwe nchi nzima, ili umbali na umaskini visimzuie mtu kusoma. Ahadi ilikuwa wazi: soma miaka miwili hapa, kwa gharama ndogo, karibu na kwenu, kisha uendelee.

Ahadi hiyo imetimizwa kwa kiasi gani? Walio wengi miongoni mwa wanaoanza vyuo vya jamii husema wanalenga shahada ya kwanza. Wanaofanikiwa kuhamia chuo kikuu ni takriban theluthi moja, na wanaoipata shahada hiyo ndani ya miaka sita ni takriban asilimia 16. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti kuhusu wanafunzi waliohama kati ya mwaka 2004 na 2009, ikakadiria kwamba kwa wastani walipoteza asilimia 43 ya krediti zao. Fikiria mfanyabiashara anayevuka mpaka na magunia mia, akafika sokoni na hamsini na saba, na kila askari aliyempekua njiani anasema ametimiza wajibu wake.

Mtabibu wa wanamichezo anatakiwa awe amesoma biolojia, kemia, fizikia, saikolojia, anatomia na fiziolojia kabla ya kuingia uzamili. Hayo ndiyo masharti ya msingi ya chombo cha ithibati. Yote sita hufundishwa katika vyuo vya jamii. Lakini kila programu ya uzamili huongeza masharti yake: hii inataka fizikia yenye maabara ya ana kwa ana, ile inataka anatomia isiyozidi umri wa miaka kadhaa, nyingine haitaki anatomia na fiziolojia zifundishwe kama kozi moja. Mwenye mshauri mzuri hupenya. Asiye naye hugundua kosa lake siku ya kujibiwa maombi, wakati ruzuku imekwisha kuliwa na kozi zisizohesabika. Kumbuka ule ukomo wa mihula 12: krediti iliyokataliwa haimrudishii mtu fedha iliyoilipia.

Na asidhani mtu kwamba hili haliepukiki. Jimbo la Florida lilikwisha kuweka, tangu miaka ya 1970, utaratibu wa jimbo zima wa kupokeana wanafunzi baina ya vyuo vya miaka miwili na vyuo vikuu vya umma, pamoja na mfumo mmoja wa namba za kozi. Kozi yenye namba ileile inapokelewa kama kozi ileile. Kama jimbo moja lenye mamilioni ya watu linaweza, basi majimbo yasiyofanya hivyo yanakosa nia, hayakosi ujuzi.

Watoto wanaocheza bila mtabibu

Kwa nini haya yamguse mtu asiyesoma fani hii? Kwa sababu takriban theluthi moja ya shule za sekondari za Marekani hazina mtabibu wa wanamichezo wa aina yoyote, na nyingi ya zile zenye naye hazina wa muda wote. Tafiti zimeonyesha kwamba upungufu huo unalemea zaidi shule za maeneo ya watu wenye kipato cha chini. Watoto wa huko wanagongana vichwa, wanavunjika vifundo na kuzimia kwa joto kama wengine, lakini anayewakimbilia ni kocha mwenye filimbi.

Nani angekubali kwenda kufanya kazi katika shule hizo kwa mshahara wa shule hizo? Aliyetoka huko. Yule kijana wa Nyarugusu hakuwa na ndoto ya timu ya kulipwa. Aliniambia anataka kurudi katika shule yake ya sekondari, ambako nusu ya timu ya mpira wanazungumza Kiswahili, Kiswahili cha Uvira na Fizi, na mtoto akiumia hujieleza kwa mikono. Mhitimu mwenye deni la uzamili hawezi kwenda huko hata akipenda. Deni litamchagulia mwajiri. Hivyo uamuzi uliofanywa kwa jina la usalama wa mgonjwa unaweza kumwacha mgonjwa maskini bila mtabibu kabisa.

Na kichekesho hakikosekani. Wakati taaluma ikipandisha kiingilio hadi uzamili, California, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, kwa miaka mingi limebaki jimbo pekee lisilo na sheria ya kuidhibiti kazi hii. Lango la mbele limewekewa kufuli tatu, na ukuta wa nyuma haujajengwa.

Tunachopaswa kudai

Simwombei maskini huruma, namdai haki yake. Kwanza, taaluma inayopandisha kiwango cha shahada ilipie gharama ya kupandisha: kila programu ya uzamili iwe na mkataba ulioandikwa na vyuo vya jamii vya jimbo lake, unaotaja kozi kwa kozi kinachopokelewa. Pili, ruzuku ya Pell iruhusiwe kumfuata mwanafunzi hadi uzamili, pale ambapo uzamili ndiyo shahada ya kwanza inayomruhusu mtu kufanya kazi. Tatu, zile nafasi za wasaidizi wanaolipiwa ada zirudishwe kwa sura mpya, mwanafunzi alipwe kwa saa anazohudumia wachezaji. Nne, chuo kinachogawa karatasi iliyopitwa na wakati kiwajibike kwa miaka iliyomla kijana wa watu.

Kwa vijana wetu walioko huko, au wanaojiandaa kwenda, nasema hivi: msijiandikishe kozi hata moja kabla hamjaiuliza programu ya uzamili mnayoilenga, kwa maandishi, iwapo itaipokea. Chagueni kemia na fizikia za wanasayansi hata kama mshauri anasema nyepesi inatosha. Hifadhini muhtasari wa kila kozi, maana siku ya kubishania krediti huo ndio wakili wenu. Na aliyekwenda kwa viza ya mwanafunzi ajue kwamba ruzuku ya Pell haimhusu tangu mwanzo.

Kwenu watumishi wa umma mnaonisoma Dodoma na kwingineko, nawaombeni msicheke ya jirani. Kwetu pia, kijana mwenye stashahada ya miaka mitatu ya utabibu, aliyekwisha kupasua majipu na kuzalisha kina mama zahanati, akipata nafasi ya shahada ya udaktari kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza, akae na aliyetoka kidato cha sita juzi. Nasi tunapandisha sifa za kuingilia kazini bila kuuliza nani atalipa. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, na nasikia tayari watu wakizungumzia kukuza tiba ya michezo nchini. Ni jambo jema. Mkianza kulijenga, jengeni ngazi yenye vipandio vyote, wa cheti aone njia ya kufika stashahada na wa stashahada aone ya kufika shahada, pasipo kumfuta mtu alichokwisha kukijua.

Kijana wangu aliniandikia mwezi uliopita. Anarudia kemia, jioni, katika chuo kilekile cha jamii, kwa fedha ya mizigo ya usiku. Amebakiza mwaka mmoja wa shahada ya sayansi ya mazoezi, na hajajua uzamili utatoka wapi. Jumamosi hujitolea katika uwanja wa shule yake ya zamani, akibeba maji na barafu, maana zaidi ya hapo haruhusiwi kugusa. Wiki iliyotangulia mtoto mmoja alianguka akashika goti. Wakamwita kijana wangu aje, si kumtibu, bali kutafsiri.